Kibali kwanza, rufaa baadaye

Hukumu ilisomwa kwa Kiingereza, tena kipande cha mwisho tu. Ilikuwa mwaka 2020, kabla ya yale mabadiliko ya sheria ya 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za Tanzania. Wakili wangu siku hiyo alikuwa na kesi mkoa mwingine, kwa hiyo nilisimama peke yangu, nikainama Jaji alipoinuka, kisha nikamfuata karani.

"Samahani kaka, nimeshinda au nimeshindwa?"

Akafungua faili, akapitisha kidole. "Rufaa ya mwenzako imekubaliwa, mama."

"Kwa hiyo nimeshindwa."

"Umeshindwa, na gharama juu."

Kesi yenyewe ilikuwa ya mchele. Mimi ni mfanyabiashara wa mchele, nanunua Ubaruku na Igurusi, mkoani Mbeya, nakoboa hukohuko na kupeleka kwa wateja wa jumla. Mteja mmoja wa siku nyingi alichukua mzigo kwa mkopo mara tatu mfululizo, kila mara akisaini kwenye daftari langu la kutolea mzigo, kisha simu yake ikawa haipokelewi. Nilimshtaki huko anakoishi, maana sheria ya madai inakutaka umfuate mdaiwa alipo au pale mgogoro ulipotokea. Mahakama ya Hakimu Mkazi iliona saini zake kwenye daftari, ikanipa ushindi. Akakata rufaa Mahakama Kuu. Huko ndiko nilikoambiwa nimeshindwa, na sababu ya kushindwa kwangu haikuhusu mchele, wala daftari, wala saini.

Sababu ilikuwa hii. Jina la biashara yetu lilisajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, kwa majina mawili, langu na la mume wangu. Mume wangu alifariki kabla mzigo haujatoka ghalani. Jaji, alipokuwa akiandika hukumu, aliona kwenye nyaraka kuwa wamiliki ni wawili na aliyefungua kesi ni mmoja. Akasema kesi ilifunguliwa isivyo sahihi tangu mwanzo, akaifuta yote. Mdaiwa hakuwahi kulisema jambo hilo. Wakili wake hakulisema. Mimi sikuulizwa. Lilizaliwa kwenye hukumu.

Wakili wangu aliporudi, akaisoma hukumu ukurasa kwa ukurasa, nikamwona anatabasamu. Nilitaka kumkaripia. Ni kijana, ana umri wa mwanangu wa pili, ananiita mama na mimi namwita wakili kwa heshima ya kazi yake. "Mama," akasema, "wametupa swali zuri kabisa." Mimi nimepoteza fedha za msimu mzima, yeye anafurahia swali. Ilinichukua muda kuelewa kwamba tabasamu lile ndilo lililoniokoa.

Kwa sheria ya wakati huo, mtu aliyeshindwa Mahakama Kuu kwenye kesi ya madai kama yangu hakuwa na njia ya moja kwa moja kwenda Mahakama ya Rufani. Sheria ya Mamlaka ya Rufani, Sura ya 141, kifungu cha 5, ilimtaka aombe kibali kwanza. Na kibali kilianza kuombwa Mahakama Kuu hiyohiyo iliyokushinda. Unaweza hata kujikuta mbele ya Jaji yuleyule. Nilipoambiwa hivyo nilicheka kwa hasira. Nikamuuliza wakili, ni nani duniani atakayekupa ruhusa ya kwenda kumsema kwa mkubwa wake? Akanijibu kwamba wanatoa, tena mara nyingi, na kwamba Jaji anayetoa kibali hasemi "nilikosea". Anasema tu kuna jambo linalofaa kutazamwa na majaji watatu wa juu.

Kabla ya kibali, hata hivyo, kulikuwa na mbio. Ndani ya siku 30 tangu hukumu ilibidi yafanyike mambo matatu, na kila moja lina mlango wake. Notisi ya rufaa, yaani karatasi ya kuiarifu mahakama kuwa unakusudia kukata rufaa, iwasilishwe, kisha mpinzani apewe nakala yake ndani ya siku 14. Barua kwa Msajili kuomba nakala za mwenendo wa shauri (maandishi ya yote yaliyosemwa mahakamani), hukumu na dikrii, yaani amri rasmi inayotokana na hukumu, nayo mpinzani apate nakala. Na maombi yenyewe ya kibali, kwa mujibu wa kanuni ya 45 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za 2009. Kanuni hiyohiyo iliruhusu kibali kiombwe hata kwa mdomo, palepale hukumu inaposomwa. Ndiyo, ningeweza kusimama siku ile na kusema, Mheshimiwa Jaji, naomba ruhusa ya kukata rufaa. Lakini mtu anayemuuliza karani kama ameshinda au ameshindwa ataombaje kibali kwa mdomo?

Ile barua ya kuomba nakala naisisitiza kwa kila anayeniuliza, maana watu huidharau kwa kuwa ni ukurasa mmoja. Kumbukumbu za rufaa, yaani kabrasha la nyaraka zote za rufaa, zinatakiwa ziwe zimewasilishwa ndani ya siku 60 tangu notisi, na mwenendo wa shauri hautoki upesi kiasi hicho; kuna kuchapa, kuna kusahihisha, kuna faili kusafiri. Kinachokuokoa ni cheti cha Msajili kinachosema muda fulani ulitumika kuandaa nakala na usihesabiwe. Cheti hicho hukipati kama barua yako haikuwahi ndani ya siku 30 na mpinzani wako hakupewa nakala. Nilikaa masijala nikisubiri mhuri wa kupokelewa upigwe kwenye nakala yangu. Karani akaniambia niiache tu, nitaikuta kesho. Nikamwambia nitasubiri, kaka, sina haraka. Nikasubiri hadi walipotoka kula na wakarudi.

Kisha ikaja hati ya kiapo. Maombi ya kibali hayaendi kwa hadithi, yanaenda kwa hati ya maombi inayoungwa mkono na kiapo. Nilikuwa nimeandika maelezo yangu kwa mkono kwenye daftari la shule la mjukuu: jinsi tulivyofahamiana na mteja, mazishi ya mume wangu ambayo mteja huyo alihudhuria na kula ubwabwa wetu, ahadi zake, simu zake zilizozimwa. Nilijua ukweli wangu na nilitaka Jaji aujue. Wakili akasoma yote kwa adabu, hadi mwisho, akafunga daftari.

"Mama, haya yote ni kweli. Lakini hapa hatumwambii Jaji kwamba hujalipwa."

"Sasa tunamwambia nini?"

"Kwamba kuna swali."

Hapo ndipo tulipogombana, na kwa mtazamo wangu ndipo palipo na kiini cha shughuli nzima. Mtu aliyedhulumiwa anapofika mahakamani kwa mara ya tatu bado anataka kuthibitisha dhuluma. Hatua ya kibali haiulizi nani anamdai nani. Inaiuliza hukumu: humu ndani kuna jambo la kisheria lenye uzito? Wakili alinisomea msimamo wa Mahakama ya Rufani yenyewe katika shauri la British Broadcasting Corporation dhidi ya Eric Sikujua Ng'maryo, maombi namba 138 ya mwaka 2004, ambalo mawakili wa madai wote wanalijua kwa kichwa. Kwa maneno yangu mimi mwuza mchele, lilisema kibali hakitolewi kwa mazoea, kipo mikononi mwa mahakama, na hutolewa pale sababu za rufaa zinapogusa jambo lenye umuhimu kwa wengi, au hoja mpya ya kisheria, au zinapoonyesha rufaa yenye kujadilika. Uchungu haumo. Niliutafuta, haumo.

Nilikuwa na sababu tano. Alizifyeka zikabaki mbili. Ya kwanza, je, ilikuwa halali kwa mahakama kuibua suala yenyewe wakati wa kuandika hukumu na kuliamua bila kuwapa wahusika nafasi ya kulizungumzia? Hii inasimama juu ya Katiba, ibara ya 13(6)(a), na juu ya shauri la Mbeya-Rukwa Autoparts and Transport dhidi ya Jestina George Mwakyoma, ambamo Mahakama ya Rufani ilisema haki ya kusikilizwa nchini mwetu ni haki ya kikatiba, siyo adabu tu ya mahakama. Ya pili, je, kesi inaweza kufutwa kwa sababu tu mtu fulani hakuunganishwa, wakati Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Amri ya I kanuni ya 9, inasema kesi haitashindwa kwa sababu hiyo? Zile tatu zilizoondolewa zilihusu daftari na saini na jinsi ushahidi ulivyopimwa. Nilizililia. Zilikuwa ndizo nzuri machoni pangu. Akaniambia, mama, ukibeba tano, mwenzako atachagua zile tatu dhaifu na kuzungumzia hizo tu mpaka muda uishe.

Kiapo kikachapwa. Nikategemea wakili atapiga mhuri wake kwani nilikuwa nauona pale mezani. Badala yake akanitoa nje, tukavuka barabara, tukapanda ngazi za ofisi ya wakili mwingine. Nikadhani ananizungusha ili bili ipande. Kumbe sheria ya makamishna wa viapo hairuhusu wakili wa upande mmoja kumwapisha mteja wake kwenye shauri hilohilo. Yule mama wa ghorofani alinitazama usoni, akaniuliza kama nimeyasoma na kuyaelewa, akanisainisha, kisha akaandika kwa kalamu mahali na tarehe chini ya saini yangu. Wakili wangu akainama kuhakikisha vyote viwili vimeandikwa. "Maombi mengi yamefia hapa," akasema, akigonga kwa kidole ile nafasi ya mahali. Yaani mtu ameshinda njaa, amekopa nauli, ameandika hoja zake vizuri, halafu ombi linatupwa kwa kuwa pale chini hapakuandikwa mji.

Na kweli pingamizi la awali lilikuja, ila halikuhusu mahali wala tarehe. Wakili wa upande wa pili alidai aya mbili za kiapo changu zimebeba mabishano ya kisheria badala ya mambo niliyoyaona na kuyajua mwenyewe. Jaji alikubaliana naye kuhusu aya moja, akaiondoa, na akaendelea na zilizobaki. Siku hiyo nilitoka nikiwa nimekata tamaa hadi wakili aliponieleza kwamba aya ile ilikuwa ni rudio la jambo lililomo kwingine. Nilipata wazo kuwa kazi yote hii ni kama kuvuka mto kwa mawe. Linaloteleza moja si tatizo kama umeshaliona la kukanyaga baada yake.

Usikilizwaji wenyewe ulikuwa mfupi kuliko nilivyojiandaa. Wakili wa mdaiwa, mzee mwenye sauti nzuri, alianza kueleza kwa nini hukumu ilikuwa sahihi: kwamba mmiliki mwenza ni wa lazima, kwamba msimamizi wa mirathi alitakiwa aunganishwe, na kadhalika. Alikuwa anaeleweka, hata mimi nilianza kumwamini. Jaji akamkatiza. "Wakili msomi, hapa hatusikilizi rufaa. Niambie tu kama hilo ni jambo la kubishaniwa au siyo." Yule mzee akanyamaza kidogo. Kila alivyozidi kueleza kwa bidii kwa nini sisi tumekosea, ndivyo alivyozidi kuonyesha kuwa kuna jambo la kubishania. Wakili wangu alisimama, akasema maneno yasiyozidi robo saa, akakaa. Hakutaja mchele hata mara moja.

Tulipewa kibali kwa sababu zote mbili.

Tungekataliwa, haikuwa mwisho. Kanuni ziliruhusu kwenda kuomba kwa mara ya pili Mahakama ya Rufani yenyewe, ndani ya siku 14 tangu kukataliwa, na huko ombi husikilizwa na majaji watatu, siyo mmoja. Rafiki yangu wa mahindi alikataliwa, akaenda nyumbani kijijini kupumzika na kuomba ushauri wa ukoo, aliporudi siku 14 zimepita. Akaingia kwenye njia nyingine ya kuomba kuongezewa muda, na huko kuna shauri linaitwa Lyamuya ambalo kila wakili atakutajia: ueleze ucheleweshaji wote, usiwe wa kupindukia, uonyeshe hukuzembea. Mahakama ya Rufani imesema mara kadhaa kwamba hata siku moja ya kuchelewa itolewe maelezo. Yeye alisema alikuwa na majonzi. Majonzi bila vielelezo hayahesabiki, alitakiwa aende na vyeti vya hospitali, tiketi za basi, kitu chochote chenye tarehe.

Kitu kingine kilichonishangaza ni kwamba kuwa na notisi ya rufaa na kibali mkononi hakumzuii mwenzako kukaza hukumu, yaani kuitekeleza. Mdaiwa wangu alileta bili ya gharama za kesi upesi kabisa, ikakadiriwa, nikaletewa notisi ya utekelezaji. Huyu huyu ambaye hajanilipa mchele! Kuzuia utekelezaji ni ombi lingine, lina siku zake 14 tangu upewe hiyo notisi, na linataka uonyeshe hasara kubwa utakayopata na dhamana utakayoweka. Kwangu kiasi hakikuwa kikubwa, wakili akanishauri nilipe na nitunze risiti, tukishinda zitarudi. Nililipa nikitetemeka kwa hasira. Sioni kama ushauri ulikuwa mbaya, gharama za kuzuia zingekula nusu ya kile tulichokuwa tunakizuia.

Rufaa ilisikilizwa mwaka 2023, majaji watatu wamekaa mbele, mawakili wamesimama na makabrasha yaliyotiwa alama za rangi. Ile amri ya kibali ilikuwa ndani ya kumbukumbu za rufaa, maana bila yake rufaa ingeondolewa kabla ya mtu kufungua mdomo. Waliuliza maswali mengi kuhusu sababu ya kwanza na karibu hawakugusa ya pili. Uamuzi ulipotoka, hukumu ya Mahakama Kuu ilibatilishwa, jalada likarudishwa hukohuko kwa Jaji mwingine ili wahusika wasikilizwe kuhusu lile suala la umiliki, kisha hukumu mpya iandikwe.

Yaani sikupewa fedha. Nilipewa nafasi ya kuulizwa swali ambalo ningelijibu mwaka 2020 kama mtu angeniuliza. Nilikuwa na cheti cha kifo na barua za usimamizi wa mirathi ya mume wangu, zenye jina langu, kwenye mkoba uleule niliokuwa nao siku ile. Ndugu zangu walishangilia kwa simu, mimi nikawaambia subirini kwanza. Mwaka uliofuata Jaji mpya alizipokea hoja, akaitupilia mbali rufaa ya mdaiwa, na mdaiwa akaomba tuzungumze. Ananilipa kwa awamu. Analegalega lakini analipa, na awamu zimeandikwa kwenye makubaliano yaliyosajiliwa mahakamani, siyo kwenye daftari langu.

Sheria sasa imebadilika. Sheria namba 11 ya mwaka 2023 ilirekebisha Sura ya 141, na kuanzia tarehe 1 Desemba 2023 sharti la kibali kwa rufaa za madai kama ile yangu limeondolewa. Unapeleka notisi na barua yako, unaandaa kumbukumbu, unakwenda. Nimewasikia mawakili wazee wakisema kibali kilikuwa chujio na kwamba majaji wa rufani sasa watafurika. Inawezekana. Mimi naona chujio lile lilikula muda mwingi wa watu wenye haki kuliko lilivyowazuia wasumbufu, maana msumbufu mwenye fedha huajiri wakili wa kumtungia swali. Lakini zile siku za kufyekwa sababu tano zikabaki mbili sizijutii, na hata leo bila kibali ningemwambia mtu afyeke.

Tahadhari moja, kwa sababu naona watu wanaambiana vibaya huko sokoni kwamba "kibali kimefutwa, nenda tu". Kesi iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo ni habari nyingine. Jirani yangu ana mgogoro wa mirathi ulioanzia huko, ukapanda Mahakama ya Wilaya, ukafika Mahakama Kuu, akashindwa wiki iliyopita. Yeye bado anahitaji Mahakama Kuu imthibitishie kwamba kuna hoja ya kisheria ndani ya shauri lake, la sivyo rufaa yake haisimami. Alikuja jana na hukumu, safari hii ya Kiswahili, akaanza kunisimulia shemeji yake alivyochukua ng'ombe. Nikamwachia amalize. Kisha nikamuuliza kama ameshapeleka barua ya kuomba nakala, akasema bado. Leo asubuhi tumekwenda masijala pamoja, na nakala yake ina mhuri.